Kutua Matulo Bila Kibali

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote. Si kwamba ni ndogo. Ni kwamba mchoro wa mipaka yake una hakimiliki, na kila mchora ramani aliyeomba kibali aliambiwa asubiri. Wengi wangali wanasubiri. Mimi nami nitaisimulia kwa uangalifu bila kulitaja jina lake, maana jina nalo lina mwenyewe.

Ni nchi nzuri, yenye utaratibu. Zamani watu walikuwa wakiwaza ovyo, kila mtu na lake, mpaka Serikali ikaona huruma ikaunda Mamlaka ya Ulinzi wa Mawazo. Tangu hapo kila wazo lina mlinzi. Mtu akitaka kuupiga mluzi wimbo wa taifa akiwa bafuni anaruhusiwa, ila asifike kwenye kibwagizo. Mtoto akichora jua lenye macho na mdomo, mwalimu humsaidia kulifuta, kwa kuwa jua la namna hiyo lilishasajiliwa na Wizara ya Nishati. Watu wamezoea. Binadamu huzoea.

Mkuu wa Mamlaka ni Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Philemoni Kakwezi. Nimevitaja vyeo vyake vyote kwa sababu kuvifupisha ni kuharibu kazi ya sanaa ya mtu.

Kati ya mali zote zinazolindwa na Mheshimiwa Kakwezi, hakuna inayolindwa kwa wivu kama *Mbayuwayu*. Hiyo ilikuwa tamthilia ya televisheni ya taifa, iliyorushwa Jumapili jioni enzi zile mtaa mzima ulipokuwa na televisheni moja na dirisha moja la kuchungulia. Ilihusu watu tisa waliopanda chombo cha anga kiitwacho Mbayuwayu, wakaiacha dunia iliyochoka, wakaelekea sayari ya Matulo, ambako inasemekana maji yalikuwa matamu na hakuna mtu aliyewahi kupanga foleni. Kiongozi wao alikuwa Nahodha Sira, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, sauti ya kumfanya mtoto aache kulia na mtu mzima aanze.

Katika sehemu ya mwisho Matulo ilionekana dirishani, ya kijani, pana kama sinia. Nahodha Sira akasimama akasema, "Fungeni mikanda. Tunatua."

Hapo picha ikakatika, ikaja hotuba ya Waziri kuhusu kilimo cha mihogo. Jumapili iliyofuata ikaja tena mihogo. Baadaye ilielezwa, kwa lugha ya upole, kwamba tamthilia ile ilikuwa imeanza kuwafanya wananchi wapende wazo la kuondoka. Basi chombo kikaachwa huko huko angani na watu wake, miaka ikapita, na hakuna aliyeruhusiwa kukishusha.

*

Mwalimu Gervas Lukumbi alifundisha jiografia mpaka akastaafu. Mkewe, Stefania, alikuwa muuguzi. Hawakujaliwa watoto. Walikuwa na nyumba ya vyumba viwili, ua wenye mpapai, na mazoea ya watu wawili walioishi pamoja muda mrefu: mmoja akipiga chafya, mwingine anahamisha kikombe.

Stefania alipolazwa, Gervas aligundua kwamba saa za kuona wagonjwa ni ndefu kuliko mazungumzo. Ukishauliza kama mgonjwa amekula, ukaitazama dripu, ukasifia shuka, unabakiwa na nini? Siku moja Stefania akamwambia, "Hebu niambie wale watu walifikaje."

"Watu gani?"

"Wa Mbayuwayu. Walituacha wamefunga mikanda."

Gervas akacheka, halafu akaanza kubuni. Kila jioni alimletea kipande. Na kwa kuwa moyoni alikuwa na imani ya kitoto kwamba mtu hawezi kufa katikati ya hadithi, alikichelewesha chombo kwa kila njia. Akakirushia vimondo. Akakiharibia injini. Akamtia homa fundi mitambo ili Daktari Pendo, tabibu wa chombo, apate kazi ya kufanya, maana Stefania alimpenda huyo kuliko wote. Stefania alisikiliza akiwa amefumba macho, mara nyingine akitabasamu mahali pasipochekesha.

Akafariki chombo kikiwa bado kinaizunguka Matulo, kikingoja mawingu yafunguke.

Watu walikuja kuzika, wakala, wakaosha masufuria, wakaondoka. Nyumba ikabaki na Gervas. Akajua kwamba nyumba ya mtu mmoja ina kelele zake: bati likitanuka kwa jua, bomba likidondosha, friji kuukuu likinguruma kisha likinyamaza ghafla kama mtu aliyekumbuka jambo. Alikuwa akipika chakula cha wawili na kula cha mmoja, halafu akawa hapiki. Alianza kulisalimia friji asubuhi. Siku aliyojikuta akilingoja lijibu, alijua kwamba ama atafute watu au awatengeneze. Akatazama sebule yake. Akasikiliza ile ngurumo. Wazo likamjia, bila kibali.

*

Filamu ya Mwalimu Gervas ilipigwa kwa simu iliyoegemezwa kwenye mitungi ya maji juu ya stuli. Friji lilikuwa injini. Vitufe vya jiko bovu vilikuwa usukani. Matulo ilikuwa sinia kubwa, limepakwa rangi ya kijani na kutundikwa nje ya dirisha kwa kamba ya katani, na upepo ukivuma sayari iligeuka geuka vizuri sana.

Waigizaji walikuwa yeye. Alijaribu kuwaomba walimu wastaafu wenzake, lakini mmoja alikuwa na mgongo, mwingine na mkutano wa kanisa, na wa tatu alimwuliza kwa upole kama ameshaonana na padri. Kwa hiyo alivaa kofia ya sufu akawa fundi mitambo. Akavaa miwani isiyo na kioo akawa mtaalamu wa nyota. Akajifunga shuka kiunoni, akachukua mwiko, akawa mpishi wa chombo. Nahodha Sira alimwigiza kwa koti lake la harusi na kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa ikimkwaruza koo.

Daktari Pendo alimshinda. Alilitoa koti jeupe la Stefania kabatini, akalishika, akalirudisha. Mwisho aliamua kuacha kiti kitupu. Katika filamu nzima wengine humgeukia daktari, humwuliza, hungoja, kisha humjibu. "Basi sawa, daktari, nitakunywa," fundi anakiambia kile kiti. Waliotazama baadaye waliapa kwamba walimsikia akiongea.

Chombo kikatua. Gervas alikuwa amelisogeza sinia karibu zaidi na zaidi hadi likajaza dirisha lote. Nahodha akafungua mlango wa nyuma wa nyumba, mwanga wa ua ukaingia, akatoka. Mwisho.

Aliitazama peke yake mara moja. Halafu akamwonyesha jirani yake, Mama Debora, mwanamke muuza maandazi aliyekuwa akisikia maongezi ya watu wanane ukutani na kushindwa kuelewa walipitia wapi kuingia.

Mama Debora alitazama hadi mwisho, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mwalimu," akasema, "kumbe walifika?"

"Walifika, mama."

"Na mimi mama yangu alikufa anauliza. Nitumie na mimi kwenye simu."

Akamtumia. Mama Debora akawatumia dada zake. Haikuchukua wiki, nchi nzima ilikuwa imetua Matulo. Makondakta waliitazama, mahakimu waliitazama wamejifungia, na walimu wastaafu wote wakakumbuka kwamba walikuwa marafiki wa karibu wa Gervas. Watu wakaanza kubisha hodi wakiomba kuiona injini. Gervas aliwakaribisha, akawaonyesha friji, akawapa chai. Alilazimika kuazima vikombe kwa Mama Debora. Nadhani, na hapa nasema ninavyodhani, kwamba hizo ndizo siku pekee baada ya msiba alipopika ugali ukaisha.

*

Maafisa wa Mamlaka walikuja asubuhi kwa magari mawili, wakavua viatu mlangoni kwa adabu, wakamkamata.

Walichukua simu. Walichukua sinia, likaandikiwa kibandiko: *Sayari, moja*. Walilichukua friji likiwa na nyanya ndani. Gervas aliomba abakishiwe nyanya, afisa akamweleza kwamba kisheria nyanya hizo sasa ni sehemu ya injini.

Jioni hiyo Mheshimiwa Kakwezi alilihutubia taifa kwa televisheni, nyuma yake bendera, mbele yake maua ya plastiki.

"Ndugu wananchi," akasema, "nasikitika kuwatangazia kwamba mtu mmoja ametua kwenye sayari bila kibali. Matulo ni mali ya Taifa. Ni kweli hatujafika. Lakini ni yetu, na kwa kuwa ni yetu, hatuna haraka nayo. Taifa linalojiheshimu halifiki ovyo ovyo! Nawauliza: kama kila mwananchi akifika anakotaka, kwa muda anaotaka, sisi viongozi tutamwongoza nani? Mamlaka ilikuwa na mpango kamambe wa kutua. Mpango huo ulikuwa katika hatua ya kuundiwa kamati. Leo mpango umeharibiwa na mstaafu mwenye friji."

Wananchi walipiga makofi kila mmoja nyumbani kwake, kwa kuwa haijulikani vizuri televisheni huona mpaka wapi.

*

Kesi iliendeshwa na Hakimu Tuombe Masalu, mtu mpole aliyetaka mambo yaende kwa kanuni. Kanuni ilisema kwamba kosa la kunakili tamthilia ya taifa ni kosa la genge. Mtu mmoja hawezi kulitenda. Mheshimiwa Kakwezi, ambaye alikuja kuendesha mashtaka mwenyewe kwa uchungu wa nchi, alikuwa na jibu. Walishtakiwa watu tisa.

"Mshtakiwa wa kwanza, Nahodha?" akaita hakimu.

"Nipo," akasema Gervas.

"Wa pili, fundi mitambo?"

"Ni mimi pia, mheshimiwa."

"Ukijibu kwa niaba ya wa pili, simama mahali pa wa pili."

Gervas akasogea. Akaendelea kusogea kizimbani, hatua kwa hatua, akikana kosa kila alipofika, na karani akamwandika upya kila mara. Watu waliojaa ukumbini hawakucheka. Walikuwa wakimtazama mtu mzima akihesabiwa kuwa wengi, na kila mmoja aliona jinsi alivyo mmoja.

"Mshtakiwa wa tisa. Daktari Pendo."

Safari hii Gervas hakusogea.

"Daktari Pendo yuko wapi?"

"Hayupo, mheshimiwa," akasema Gervas.

Mheshimiwa Kakwezi akainuka. "Ushahidi unaonyesha washtakiwa wenzake wakizungumza naye mara nyingi. Wakimwomba dawa! Upande wa mashtaka unaomba hati ya kumkamata. Mtu huyu ametoroka."

Hakimu akamgeukia Gervas. "Mshtakiwa, unajua aliko?"

"Kile kiti kilikuwa cha mke wangu," akasema. "Yuko makaburini, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Anna, mstari wa karibu na ukuta. Kama mnaweza kumkamata, mheshimiwa, nawaomba sana mnijulishe."

Karani aliacha kuandika. Lakini kanuni ni kanuni, hati ikatolewa, askari wawili wakatumwa nyuma ya kanisa la Mtakatifu Anna. Walirudi baada ya chakula cha mchana wakaiarifu mahakama kwamba mtuhumiwa wamemkuta ila hakutoa ushirikiano. Mmoja wao, nasikia, alikuwa ameng'oa magugu kidogo pale kaburini, akakemewa kwa kutumia muda wa kazi.

*

Shahidi mkuu wa Mamlaka alikuwa Bi Asteria Nkomola. Ndiye aliyekuwa Nahodha Sira wa kweli.

Aliletwa kutoka mji wa mbali wa mpakani alikopewa nyumba. Alikuwa amezeeka, mrefu bado, anatembelea fimbo. Ukumbi mzima ulisimama bila kuamriwa. Akaapishwa, akafungua kinywa, na watu wakainama mbele kumsikiliza, kwa kuwa hakuna kilichotoka ila mnong'ono.

"Shahidi, paza sauti," akasema Hakimu Masalu.

Bi Asteria akamtazama Mheshimiwa Kakwezi. Mheshimiwa akaeleza. Tamthilia ilipofungwa, mali zake zote zilikabidhiwa Mamlaka: mavazi, mandhari, majina ya wahusika na sauti ya Nahodha Sira. Kwa bahati mbaya sauti ya Nahodha Sira na sauti ya Bi Asteria ilikuwa moja. Kwa hiyo, kwa miaka yote hiyo, Bi Asteria alikuwa akiipa nchi yake heshima kwa kunong'ona.

"Hata nyumbani?" akauliza hakimu.

"Nyumbani naishi peke yangu," akanong'ona Bi Asteria. "Sikuwa na wa kumpazia."

Aliulizwa kama amekashifiwa na filamu ile. Akanong'ona kwamba hajaiona. Mji anakoishi hautumiwi picha. Hakimu akaona ni haki shahidi aone anachokitolea ushahidi. Televisheni ikaletwa. Mapazia yakafungwa, askari wakasimama milangoni kuzuia watu wasiokuwa na haki ya kuona wasione, na wenye haki ya kuona wakatakiwa wasifurahi.

Filamu ikaanza. Gervas wa kizimbani alimtazama Gervas wa kwenye skrini, mwenye koti la harusi, akitoa amri kwa sauti ya kukwaruza. Aliona aibu. Hakuwahi kuitazama huku mwenye sauti yake amekaa mbele. Alijaribu kumsoma uso yule mama, lakini hakukuwa na kitu cha kusoma. Alikuwa amekishika kichwa cha fimbo kwa mikono miwili, anatazama kama mtu anayetazama barabara kutoka dirisha la gari, anayengoja kuona kituo chake.

Sinia likasogea. Likajaza nusu ya dirisha.

"Simamisha!" akapaza sauti Mheshimiwa Kakwezi. "Mheshimiwa hakimu, kinachofuata ni kutua. Tukiendelea, mahakama hii itakuwa imetua."

Hakimu Masalu akaona hatari hiyo. Akaamuru picha izimwe.

"Usizime."

Haikuwa mnong'ono. Watu wazima waliokuwemo mle walisema baadaye kwamba waliisikia tumboni kabla ya kuisikia masikioni. Bi Asteria alikuwa amesimama.

"Usizime," akasema tena, kwa sauti ile, nzito, isiyozeeka. "Mlinifunga mkanda nikiwa kijana. Mlisema Jumapili. Wenzangu wote niliokaa nao kwenye chombo kile wamekufa, mmoja mmoja, nimeambiwa kwa simu. Nimebaki mimi tu humo ndani. Nimechoka kukaa. Nataka kushuka."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti, akatolewa nje kwa kuchangia mjadala.

Mheshimiwa Kakwezi alikuwa amegeuka rangi. Aliomba maneno ya shahidi yafutwe kwenye kumbukumbu za mahakama, kwa kuwa sauti iliyotumika ni mali ya Serikali na haikuazimwa. Hakimu akakubali. Karani akafuta. Hakimu akawatangazia waliohudhuria kwamba hawakusikia chochote, nao wakaitikia kwa vichwa. Bi Asteria akaketi. Hakuinua tena macho.

*

Hukumu ilisomwa siku iliyofuata, nami naitaja kwa kifupi. Filamu ifutwe kwenye kila simu nchini. Na ikafutwa mbele ya mahakama, afisa akionyesha skrini tupu pande zote kama mwanamazingaombwe. Sinia libaki mikononi mwa Serikali mpaka Taifa litakapolihitaji. Gervas Lukumbi asisogelee sayari yoyote. Mshtakiwa wa kwanza hadi wa nane waachiwe huru, kwa sharti kwamba wasikutane tena kwa namna yoyote ile. Mshtakiwa wa tisa aendelee kutafutwa. Na Bi Asteria Nkomola arudishwe kwake mchana huo huo, akaendelee na mnong'ono wake.

"Haki imetendeka," akasema Mheshimiwa Kakwezi kwa waandishi wa habari, "na imetendeka kwa asilia, si kwa nakala."

Gari la kumrudisha Bi Asteria lilichelewa. Dereva alikuwa ameshika foleni ya kuombea ruhusa ya kuondoka, na afisa wa kumlinda alikuwa amemfuata dereva kumharakisha. Gervas alipotoka alimkuta yule mama ameketi peke yake kwenye benchi la varanda, mkoba miguuni.

"Shikamoo, Nahodha," akasema.

"Marahaba. Keti." Alikuwa amerudia kunong'ona. "Wewe ndiye uliyeniigiza."

"Nisamehe, mama. Sauti ilinishinda."

"Sauti si kitu. Ulisimama vizuri." Akausogeza mkoba kumpa nafasi. "Sasa niambie. Walipotua, ikawaje?"

Gervas akaangalia huku na huku. Kusimulia nako kulikuwa kunakili. Kila mtu alilijua hilo. Akamsogelea, naye akaanza kunong'ona, wazee wawili wakinong'onezana mchana kweupe nje ya mahakama. Akamweleza jinsi sayari ilivyojaza dirisha, jinsi mtikisiko ulivyokoma, jinsi Nahodha alivyokwenda mlangoni, akafungua, akatoka kwenye mwanga.

"Halafu?"

"Halafu basi. Imeisha hapo."

"Akatoka yeye kwanza?"

"Ndiyo. Ndiye nahodha."

Bi Asteria akamkazia macho. "Umekosea."

"Vipi?"

"Nahodha hatoki kwanza! Nahodha anafungua mlango, anakaa pembeni, watu wake wanapita mpaka wa mwisho. Yeye ndiye anayezima taa. Kitu gani kilikufanya umtoe mbio kama anayefukuzwa?"

"Mama, lazima apime kwanza kama hewa ni salama."

"Hewa ilipimwa sehemu ya nne, hukutazama?"

"Nilitazama. Ilikuwa hewa ya mwezi wake, si ya Matulo."

"Ya Matulo!"

"Ya mwezi, mama, niwie radhi."

Walibishana. Bi Asteria alipiga fimbo sakafuni mara mbili, na Gervas akajikuta amesimama, amenyoosha kidole kama yuko darasani, damu inamchemka, anafurahi. Ilikuwa muda mrefu hajaambiwa na mtu kwamba amekosea. Watu hawambishii mfiwa. Humkubalia kila kitu, humpigapiga mgongoni kidogo, na humwacha.

Ghafla Bi Asteria akamwuliza, "Na daktari alishuka saa ngapi?"

Gervas akaketi.

"Hakushuka," akasema. "Hakuna aliyeshuka ila nahodha. Ningemshusha nani? Kiti nilikiweza. Mtu anaweza kuzungumza na kiti. Lakini kumtoa pale, aondoke aende... Nikaona nimtoe nahodha haraka, nifunge picha."

Bi Asteria akauweka mkono wake juu ya mkono wa Gervas, mkono mkavu, mwepesi.

"Utawaachaje watu ndani ya chombo, mwalimu?" akanong'ona. "Mimi nimeachwa humo. Nakwambia, si mahali."

Gari likafika. Afisa akashuka, akawatazama kwa wasiwasi, akauliza walikuwa wakizungumza nini. "Hewa," akasema Bi Asteria. Akapandishwa. Gervas alimfungia mlango na kumpa mkoba wake dirishani. Walitazamana mpaka gari likakata kona, na wote wawili walijua kwamba wapenzi wa *Mbayuwayu* hawapewi ruhusa ya kwenda mji ule wa mpakani, na kwamba yule mama hatatolewa tena kule, kwani sasa hakuna kesi ya kumwitia.

*

Gervas alirudi kwake kwa miguu. Jua lilikuwa bado kali. Sebule ilikuwa na alama ya mraba sakafuni pale friji lilipokuwa likikaa, na ukimya ambao hata bati lilikuwa linauheshimu.

Alikaa kidogo. Akanywa maji. Kisha akaenda kwenye mlango wa nyuma, akaufungua wote, akasogea pembeni, mgongo ukutani. Hakukuwa na simu ya kumpiga picha. Hakuvaa koti la nahodha. Sijui kama sharti la mahakama lilivunjwa hapo; mimi si mwanasheria, na hapakuwa na shahidi.

"Daktari," akasema. "Tangulia."

Akangoja. Stefania alikuwa na goti bovu, na ngazi ya kushukia uani ilikuwa ndefu. Akampa muda wa kuishika fremu ya mlango, wa kuteremsha mguu mzima kwanza, kisha ule mwingine. Hakumharakisha. Alipoona inatosha, akaendelea. "Fundi, pita. Mtaalamu. Mpishi, acha huo mwiko, huku kuna miko mingine." Akawaita kwa zamu, akimpa kila mmoja nafasi ya kupita, akirudi nyuma kidogo wasigongane, mpaka hakukuwa na jina lililobaki.

Akageuka kukitazama chumba mara moja. Hakukuwa na mtu.

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Mama Debora alikuwa upande wa pili wa ua akianika nguo. Alimwona Mwalimu amesimama chini ya ngazi, mikono imening'inia, uso umelowa, anatazama uwanja mtupu kama mtu aliyefika ugenini. Akaishika kamba ya nguo, asijue kama aseme neno au asiseme.

"Mwalimu," akaita taratibu, "una wageni humo ndani?"

"Walikuwepo, mama," akasema Gervas. "Wameshashuka wote. Mimi nilikuwa wa mwisho."